Jengo la halmashauri limefungwa, watu wanalala vibarazani: je, linaweza kuwa makazi ya muda hapa Tanga?

Mkazi wa Chumbageni ameuliza:

Nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni.

Katika mtaa wetu hapa Tanga lipo jengo la ghorofa moja lililokuwa ofisi ya idara fulani ya halmashauri. Watumishi walihamia jengo jipya miaka kadhaa iliyopita, mlango ukafungwa kwa mnyororo, akawekwa mlinzi wa usiku, na tangu hapo wanaoingia na kutoka ni popo tu. Si mbali na hapo, kwenye vibaraza vya maduka, kila usiku hulala watu ambao nimekwisha kuwazoea kwa sura: mzee anayesema alikuja Tanga kijana kukata mkonge, mama mwenye mtoto mgongoni, na vijana wawili watatu ambao mchana hubeba mizigo sokoni Mgandini. Masika iliyopita nilimkuta yule mzee kabla ya adhana ya alfajiri, amesimama wima ameegemea nguzo, kwa sababu kibaraza kizima kilikuwa kimejaa maji na hapakuwa na pa kukaa, seuze pa kulala. Nilipoinua macho nikaliona lile jengo ng'ambo ya barabara, kavu, lina paa, na lina mtu anayelipwa ili asiingie mtu.

Nimesoma kwamba Uholanzi na Uingereza wapo wenye majengo, zikiwamo halmashauri, ambao jengo likikosa kazi huingiza watu wachache wakaishi humo kwa malipo madogo, na kuishi kwao ndiko kunakolilinda dhidi ya wezi na wavamizi. Nimesoma pia kwamba mwezi Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ya Uingereza iliziagiza halmashauri ziwatafutie vyumba wote waliokuwa wakilala nje, na kwa wiki chache maelfu wakawa wamepata mlango wa kufunga, wengi wao katika hoteli zilizokosa wageni.

Sina nia ya kusema kwamba majengo ya umma yagawiwe kama peremende. Ninachotaka kujua, kabla sijalipeleka jambo hili kwenye mkutano mkuu wa mtaa, ni kama halmashauri ya Tanzania inaweza kisheria kulifungua jengo lake kwa watu wasio na makazi kwa kipindi maalumu, ni matayarisho gani jengo la ofisi linahitaji kabla mtu hajalala humo, na ni nani hasa astahili kupewa nafasi ya kwanza. Naomba majibu ya wenye uzoefu. Matusi kwa ombaomba nimekwisha kuyasikia ya kutosha barazani.

Fundi Chokaa amejibu:

Marahaba, ndugu yangu. Mimi ni fundi wa nyumba kongwe na nimezeekea kwenye chokaa na matumbawe, kwa hiyo nitazungumzia jengo tu, watu nitawaachia wenye elimu ya watu.

Jambo la kwanza ninalotaka ulikubali ni kwamba neno "kavu" umelitumia ukiwa ng'ambo ya barabara. Jengo lililofungwa katika pwani hii halibaki kama lilivyoachwa. Majani huziba mifereji ya paa katika masika ya kwanza, maji yakakosa njia yakaingia ukutani. Ndege akaacha mbegu ya mtini kwenye ufa, na miaka mitatu baadaye mzizi una unene wa mkono wangu. Hewa ya chumvi nayo hupenya kwenye zege, nondo zikashika kutu, na kutu huvimba, ndiyo maana utaona dari inamwaga mapande ya zege wakati hakuna aliyeigusa. Katika majengo ya kale ya matumbawe na chokaa ambayo baadaye yalipigwa lipu ya saruji, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa chokaa hupumua na saruji haipumui: unyevu hufungiwa ndani ya ukuta ukaula taratibu, huku nje rangi ikiendelea kupendeza. Mimi hugonga ukuta kwa mpini wa nyundo kutoka chini hadi ninapofika. Sauti ikiwa nzito, sawa. Ikilia kama debe tupu, simlazi mtu chini ya ukuta huo.

Hilo la paa na kuta ni la fedha, na fedha hutafutwa. Linalonitisha ni lile ambalo halimgharimu mtu chochote kulitazama, na kwa hiyo hakuna anayelitazama. Ofisi zetu zimejengwa ili mwizi asiingie. Kila dirisha lina nondo, chumba cha mhasibu kina mlango wa chuma juu ya mlango wa mbao, na ngazi ya kupandia ghorofani ni moja. Jengo la namna hiyo ni salama kwa mafaili. Ukiweka ndani yake watu thelathini usiku, kila mmoja na kibatari au mshumaa wake, umetengeneza mtego. Na usifikiri watakaa katika vyumba vikubwa kama ulivyo ukumbi wa mikutano: familia ya kwanza itakayoona haya kuvua nguo mbele ya wageni itatundika kanga, ya pili itatundika turubai, ya tatu italeta mbao na maboksi, na ndani ya miezi sita ukumbi umekuwa vichochoro vya vitu vinavyoshika moto.

Sisemi haya kwa kubuni. Johannesburg kulikuwa na jengo lililoitwa Usindiso, mali ya halmashauri ya jiji hilo. Wakati wa ubaguzi wa rangi lilikuwa ofisi ambako Waafrika walikwenda kushughulikiwa pasi zao, yaani vibali vya kuruhusiwa kuwa mjini. Baadaye jiji likalitoa litumike kuwahifadhi wanawake na watoto waliokimbia mateso, jambo jema kabisa, jema kuliko hili tunalolijadili. Kisha uangalizi ukalegea, waliokuwa wakiliendesha wakaondoka, wenyewe wenye jengo wakalisahau, na wababe wakaliteka wakawa wanatoza kodi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 likashika moto. Walikufa watu zaidi ya 70. Ndani mlikuwa na vyumba vilivyogawanywa kwa mbao na maturubai, vizimamoto hamkuwa, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Tume iliyoongozwa na Jaji mstaafu Sisi Khampepe ililibebesha lawama jiji lenyewe kwa kuliacha jengo lake katika hali ile. Ninakuomba ukalisome hilo kabla ya kusoma habari za Uholanzi.

Kwa hiyo orodha yangu ni fupi. Nondo za madirisha ya angalau upande mmoja zikatwe na kutiwa bawaba ili zifunguke kwa ndani bila ufunguo. Ghorofani asilale mtu mpaka iwepo ngazi ya pili, hata kama ni ya chuma ya nje. Nyaya za zamani zitolewe zote, taa chache zifungwe upya na fundi mwenye leseni, na jiko la umeme lisiingie. Mkaa usiwashwe ndani kwa hali yoyote, si kwa ajili ya moto tu bali kwa ajili ya ile hewa yake isiyo na harufu ambayo huua watu waliofunga dirisha kwa sababu ya mvua. Jengeni banda la kupikia uani. Vyoo navyo: ofisi hujengewa vyoo viwili kwa watu ambao saa tisa na nusu wanarudi kwao kuoga. Watu wanaoishi huoga, hufua na huosha vyombo, na karo la ofisi halikuchimbwa kwa maji hayo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wafike, waandike, na walichoandika kibandikwe mlangoni.

Mtendaji Mstaafu amejibu:

Fundi ameanza na paa. Mimi huanza na mwenye paa.

Hapa Tanga jengo tupu si lazima liwe la halmashauri, hata kama mtaa mzima unasema "ni la serikali". Katikati ya mji yapo majumba yaliyotaifishwa mwaka 1971, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee wanaendelea kuyaita "ya Msajili" mpaka leo. Yapo ya Wakala wa Majengo Tanzania, yapo ya reli, yapo ya mkonge, na yapo ya wakfu ambayo msimamizi wake amefariki na warithi wanavutana. Mtu akikuonesha Cliff Block pale Bombo na kukwambia "si hilo tupu, linaoza?", mjibu kwamba hilo liko ndani ya eneo la hospitali na ni jengo la kale la Kijerumani, kwa hiyo hata kupigilia msumari kunahitaji maswali mengine. Ukipeleka hoja mkutanoni bila kujua jina lililo kwenye hati, utajibiwa kwa sentensi moja na ajenda itafungwa. Anza kwa kumwandikia Mkurugenzi wa Jiji, kupitia kwa mtendaji wa kata, ukiuliza kama jengo hilo limo katika rejesta ya mali za halmashauri na kama lina mpango wowote wa matumizi. Hilo ni swali ambalo mwananchi ana haki ya kuliuliza, na jibu lake lina uzito kuliko maneno ya mlinzi.

Likiwa la halmashauri, uwezo upo. Mamlaka za miji, kwa sheria ya mwaka 1982, zinamiliki mali na zinaweza kuamua matumizi yake, ila uamuzi ni wa vikao, si wa huruma ya mtu mmoja. Utapita kwenye kamati husika, utafika Baraza la Madiwani, na utaandikwa kwenye muhtasari. Nasisitiza muhtasari kwa sababu nimewahi kushuhudia mahali pengine nilipofanya kazi jengo likitolewa kwa mdomo kwa kikundi cha watu wema, na mkaguzi wa hesabu alipofika akauliza swali moja tu: mapato ya jengo hili yako wapi? Hapakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba lilitolewa bila malipo kwa makusudi. Watu wema wakatolewa kwa wiki mbili, na aliyewaruhusu akatumia mwaka mzima kujibu hoja ya ukaguzi. Wala msitarajie fedha za ukarabati zitoke kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, maana hiyo ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2, na haina mlango wa kujengea choo.

Sasa karatasi watakayopewa wakaaji. Isiwe mkataba wa upangaji, kwa kuwa upangaji unazaa haki ambazo halmashauri haikukusudia kuzitoa, na isiitwe "leseni ya makazi", kwa kuwa katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 jina hilo lina maana yake, linahusu waliojijengea katika maeneo yasiyopimwa mijini, na mtu akishika karatasi yenye jina hilo asilaumiwe akidhani amepewa kiwanja. Iitwe kibali cha kuhifadhiwa kwa muda, iandikwe jina, chumba, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Wapo madiwani watakaoogopa kwamba mtu akikaa sana atadai jengo ni lake. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwani mahakama zetu zimesema tena na tena kwamba aliyekaribishwa hageuki kuwa mwenyeji dhidi ya aliyemkaribisha, hata angekaa miaka mingapi. Anayejenga hoja ya umiliki ni yule aliyeingia bila ruhusa na akaachwa. Kwa maana hiyo jengo lililo wazi bila utaratibu ni hatari zaidi kwa halmashauri kuliko jengo lenye watu walioandikishwa.

Lakini hofu ya pili ina msingi, nayo ni hii ya neno "muda". Sisi watu wa Tanga tuna usemi wetu wa "waja leo waondoka leo", na kila mwenyeji anajua kwamba mgeni anayeambiwa hivyo ndiye huyohuyo atakayeoa hapa na kuzikwa hapa. Hao Waingereza uliowataja, kaya zilizo katika makazi wanayoyaita ya muda sasa zimepita 100,000, na wapo watoto waliozaliwa humo wakaanza shule humo. Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waliotolewa mabondeni walipelekwa Mabwepande, wakaanzia kwenye mahema; pamoja na kwamba walipewa viwanja, wapo waliorudi bondeni, kwa sababu riziki yao ilikuwa kule. Kwa hiyo ukiniuliza kifungu kimoja cha kuweka kwenye azimio la baraza, nitakwambia hiki: hakuna mtu atakayepewa ufunguo kabla haijaandikwa atakapokwenda siku ya kutoka, na ni ofisa gani, kwa cheo chake, mwenye jukumu la kumfikisha huko. Tarehe ya mwisho pekee haitoshi. Tarehe bila pa kwenda ni notisi ya kufukuzwa iliyotolewa mapema.

Mwenye Duka, Barabara ya Nane, amejibu:

Shikamooni wazee wangu. Nimewasoma kwa makini, na nina neno dogo.

Kibarazani kwangu analala kijana wa mkokoteni. Mwaka juzi alipigwa na wezi usiku akiwazuia wasivunje kufuli yangu, tangu hapo nampa chai ya asubuhi na yeye hunifagilia. Nilimsomea mjadala huu. Akaniuliza jengo lenyewe liko wapi, na kama likiwa Pongwe au Kange yeye haendi, kwa sababu mizigo ya sokoni hushushwa saa tisa usiku na nauli ya kuja ingemla chai yake na ya mchana. Akauliza pia kama mkokoteni utaingia ndani, maana ukilala nje hautakuwapo asubuhi. Mwishowe akauliza kama kuandikishwa jina ndiko kule kwa polisi.

Maswali yote matatu sikuwa na jibu lake. Nimeona niyalete hapa kama alivyoyasema.

Mama Ustawi, mstaafu, amejibu:

Dada yangu wa Barabara ya Nane, kijana wako amegusa penye kidonda. Swali lake la tatu lina sababu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 176, kwa miaka mingi imekuwa ikimhesabu ombaomba pamoja na wazururaji, na watu wanaolala nje wamekamatwa vya kutosha katika maisha yao kujua kwamba mtu mwenye kalamu na daftari anayekuja usiku huwa hajaja kwa heri. Kazi ya kuandikisha isifanywe na mgambo. Ifanywe na maofisa ustawi wa jamii, mchana, pamoja na mtu mmoja wanayemwamini, na mara nyingi mtu huyo ni muuza kahawa au mama ntilie.

Mkazi wa Chumbageni umeuliza nani apewe nafasi ya kwanza. Nitakuuliza mimi kwanza: umewahi kukaa na hao watu wa kibarazani ukajua kila mmoja ametoka wapi? Maana ukiwahesabu usiku utawaita wote "wasio na makazi", na ukizungumza nao utakuta ni watu wa aina nne au tano ambao hawafanani isipokuwa kwa saruji wanayolalia.

Yule mzee wa mkonge, kwa maelezo yako, huenda hana haja na jengo lenu hata kidogo. Hapa Tanga yapo makazi ya wazee wasiojiweza pale Mwanzange, yanayoendeshwa na serikali, na mtu aliyevuka miaka 60, asiye na ndugu wa kumtunza, ana njia ya kuombewa nafasi kupitia mtendaji wa mtaa na ofisi ya ustawi. Wazee wa namna yake niliwaona wengi nilipokuwa kazini. Walikuja manamba, yaani vibarua wa mashambani, kutoka Kigoma, Songea na hata Msumbiji, enzi ambazo nchi hii ilikuwa ikitoa mkonge kiasi cha tani 230,000 kwa mwaka. Walikaa kambini, na kambi ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Bei ya mkonge ilipoanguka na mashamba yakafungwa, nguvu zilikuwa zimeisha na kwao walikotoka hakuna aliyewakumbuka. Baadhi hukataa kwenda Mwanzange kwa sababu wanaona ni kukubali kwamba hawana mtu duniani. Hilo linahitaji mazungumzo ya wiki kadhaa, na chumba cha muda kilicho karibu ndicho mahali pa kufanyia mazungumzo hayo. Hapo ndipo ninapoona faida ya jengo lako.

Watoto chini ya miaka 18 walio peke yao wasiingizwe humo kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na jengo lililojaa watu wazima wasiofahamiana si mahali pa mtoto, hata kama mvua inanyesha mawe. Mama mwenye mtoto ni jambo jingine. Huyo apewe chumba chenye kitasa kinachofungwa kwa ndani, upande wenye mlango wake na choo chake, na wanaume wasipite hapo. Ikishindikana kuutenga upande huo, ni bora jengo zima liwe la wanawake kuliko kulichanganya na kujuta.

Wapo vijana wanaokunywa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, kliniki kila siku, na hao wakiwekwa mbali na kliniki watarudi kwenye unga kabla ya mwezi kuisha. Lakini wakiwekwa pamoja na wanaoendelea kutumia, mwezi hautafika. Na kundi linalosahauliwa ni wauguzaji. Nenda Bombo usiku uone watu waliotoka Kilindi, Handeni na milima ya Lushoto kumuuguza mgonjwa, wamelala kwenye majani na vikapu vyao kichwani. Hao nyumba wanazo. Wanahitaji godoro la siku kumi na mahali pa kupikia uji. Kama halmashauri inaogopa kujaribu jambo hili, ianze na hao, kwa sababu tarehe yao ya kuondoka inajulikana na mahali pao pa kwenda panajulikana, kwa hiyo kile kifungu cha Mtendaji kimejijibu chenyewe. Jengo likiendeshwa hivyo kwa masika mbili bila ajali, diwani atakuwa na kitu cha kuonyesha atakaposimama kuwaombea wengine.

Kuhusu umbali, Finland mnaifahamu kwa kuwapa watu nyumba za kudumu moja kwa moja badala ya kuwapitisha mabwenini. Helsinki wanalisimamia hilo tangu mwaka 2008, na baadhi ya mabweni yao ya zamani wameyageuza kuwa nyumba za kupanga. Sisi hatuna fedha za Finland. Lakini jambo moja la kwao halihitaji fedha, nalo ni kwamba mtu humuuliza mhitaji anataka kukaa wapi kabla ya kumjengea. Kijana wa mkokoteni ameshajibu bila kuulizwa.

Fundi Chokaa ameongeza:

Mama Ustawi, nakuunga mkono kwa wauguzaji, ila kumbuka wauguzaji ndio wanaokuja na jiko la mkaa ndani ya kikapu. Banda la kupikia liwe limesimama kabla ya godoro la kwanza kuingia. Na mkokoteni usilazwe kwenye korido. Korido ni ya kukimbilia.

Mkazi wa Chumbageni amejibu:

Nawashukuru sana wazee wangu, na wewe dada yangu. Nilikuja na swali moja, nikaondoka na kazi za mwezi mzima.

Jana nilikwenda na mwenyekiti wa mtaa, mlinzi akatufungulia, tukaingia na tochi. Vyumba ni vinane chini na sita juu. Madirisha yote yana nondo. Ngazi ni moja na iko mwisho wa korido, mbali na mlango. Niligonga ukuta wa upande wa bahari kwa mpini wa panga nililoazima, na kwa masikio yangu yasiyo ya fundi ulilia kama debe. Ule wa upande wa barabara ulitoa sauti nzito. Chumba cha mhasibu kina milango miwili, kama alivyosema Fundi, na ndani kuna mafaili ambayo hayakuhamishwa. Kwa hiyo sitaomba jengo zima. Nitaomba vyumba vinne vya chini vya upande wa barabara, ambavyo vina mlango wao wa uani uliozibwa kwa matofali na unaoweza kufunguliwa.

Barua kwa Mkurugenzi nimeiandika, ina maswali mawili tu: jengo ni la nani, na limepangiwa nini. Ya wauguzaji, ya kibali na ya pa kwenda nimeyaweka akiba mpaka hilo la kwanza lijibiwe.

Yule mzee wa mkonge nilikaa naye jioni kwa muuza kahawa. Nilimtajia Mwanzange akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama kule wanamruhusu mtu kutoka Ijumaa kwenda msikitini na kurudi. Mama Ustawi, kama unalijua jibu, naomba unisaidie, maana nimemwahidi nitarudi nalo kesho.